Bunduki ya askari wa 1916: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakipigana na Wajerumani, Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya kuichukua Kigoma mwishoni mwa Julai. Shule, kikundi cha maigizo au chumba cha kumbukumbu kinapotaka kuonyesha vita ile, kitu cha kwanza kutafutwa ni bunduki ya askari, na hapo ndipo historia inapopotoshwa bila mtu kukusudia. Tunazungumzia mfano wa maonyesho tu: mbao na chuma kisicho na tundu, usioweza kufyatua chochote.

"Mauser ni Mauser, yoyote inafaa."

Mauser ni bunduki za muundo wa Kijerumani, za aina nyingi, na kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Picha zinazopatikana kwa urahisi mtandaoni ni za Karabiner 98k, iliyoanza kutumika 1935. Ina urefu wa sentimita 111, mkono wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) umepindwa kuelekea chini, na mkanda umefungwa ubavuni kushoto. Gewehr 98 ya vita vya kwanza ina sentimita 125, mkono wa bolti umenyooka kwenda pembeni, na mkanda unaning'inia chini ya bunduki. Tazama pia kilengeo cha nyuma. Cha Gewehr 98 kina mgongo mkubwa uliopinda na kipimo chake kinaanzia mita 400. Cha 98k ni bapa, kinaanzia mita 100. Anayejua ataona mkono wa bolti hata kabla hajaikaribia meza ya maonyesho.

Kwa upande wa Waingereza ni hivyo hivyo. Lee-Enfield Namba 4, yenye mdomo wa mtutu uliochomoza mbele, ni ya vita vya pili. Ile fupi ya wakati wa vita vya kwanza ina pua butu, na mdomo wa mtutu unaishia papo hapo.

"Askari wa Mjerumani wote walikuwa na bunduki mpya."

Vita vilipoanza 1914, kombania nyingi zilikuwa bado na Mauser ya mfano wa 1871: risasi ya milimita 11, baruti nyeusi, inayopakiwa moja moja. Kila ikilia ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Bunduki za kisasa ziliongezeka baada ya meli ya Rubens, iliyobeba silaha kutoka Ujerumani, kufika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Waingereza waliishambulia, lakini mzigo wake mwingi uliokolewa. Meli ya Marie ikafuata 1916 huko Sudi. Kwa hiyo meza inayoonyesha Tabora ya 1916 inaweza kuwa na bunduki za aina zote mbili, na huo mchanganyiko si kosa. Kosa ni kuweka klipu (vibanio) za risasi tano tano kando ya ile ya 1871, maana haina pa kuziingizia.

Ukitaka upande wa Wabelgiji, Mauser ya 1889 hutambulika kwa magazini (kisanduku cha risasi) iliyotokeza mbele ya kifyatulio na bomba jembamba la chuma lililouvika mtutu.

"Bila mbao ya mjozi kutoka Ulaya, haifanani."

Kitako cha asili kilikuwa cha mjozi, ni kweli, lakini mninga wa kwetu unaukaribia kwa rangi na uzito, na haupindi ovyo ukishakauka. Nunua mbao yenye nyaraka halali za misitu. Kwa Gewehr 98 inatosha yenye urefu wa sentimita 130, upana 18 na unene 6, yote kutoka kiini chekundu. Pembeni mwa gogo mninga ni mweupe na hausaidii kitu.

Kinachomshinda seremala ni mwelekeo wa nyuzi. Shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, ndipo pembamba, na kitako kinashuka kuanzia hapo. Chora umbo juu ya mbao mpaka nyuzi zifuate shingo kwa urefu wake. Zikiikata kwa mshazari, bunduki itavunjika hapo hapo siku ya kwanza itakapoanguka. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwani vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Mtutu utengenezwe kwa nondo laini ya milimita 20, sentimita 74, isiyo na tundu. Peke yake ina uzito wa karibu kilo 1.8, na ndiyo inayompa mwigizaji uzito wa kweli. Bunduki halisi ilikuwa na takriban kilo 4. Bolti iache ing'ae kama chuma cheupe. Kupulizia kila kitu rangi nyeusi ni uvivu unaoonekana.

"Ikipigwa vanishi itapendeza."

Itang'aa kama kabati. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa: paka kidogo, subiri dakika 15 hadi 20, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima, rudia mara nne au tano. Ukiacha mafuta mengi yatanata, hasa wakati wa masika. Malizia na nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosi. Matambara yenye mafuta hayo yatandazwe nje au yaloweshwe majini. Yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe.

"Skrubu ni skrubu."

Kichwa cha nyota kilianza kuenea miaka ya 1930. Tumia za bapa tu.

"Mkanda wowote wa ngozi unatosha."

Kata ncha uitazame. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ni ya kahawia hadi ndani. Ya kisasa iliyochakatwa kwa kemikali ya kromu mara nyingi huonyesha ubuluu au kijivu katikati. Bizimu za shaba za mkanda zikigusana na ngozi kwa muda mrefu huota uchafu wa kijani wenye nta. Ukwangue kwa kijiti kikavu, usitumie maji.

"Ya zamani haihesabiki kuwa silaha."

Inahesabika. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na kutu haiondoi hilo. Mkiikuta bunduki halisi au risasi shambani, msiisafishe wala kuigonga. Itisheni polisi waichukue. Hata huo mfano wa mbao, kituo cha polisi kiarifiwe kwa barua kabla ya maonyesho, na ubebwe ndani ya mfuko mpaka ukumbini.