Moshi wa saa 11 alfajiri: mabasi yanapowashwa deponi, nani anauvuta?

Kabla abiria wa kwanza hajafika kituoni, depo ya mabasi huwa imeshachapa kazi saa nzima. Mafundi wa zamu ya usiku wanamalizia kazi ndani ya shimo la kutengenezea basi kwa chini, wasafishaji wanafagia chini ya viti, mlinzi yuko kibandani langoni, na madereva wanawasha injini moja baada ya nyingine. Mabasi 60 yakiunguruma dakika 20 kila moja kabla ya kutoka, ni sawa na injini moja kubwa ya dizeli iliyowaka saa 20 mfululizo uwanjani hapo. Tofauti ni kwamba moshi wote huo umemwagwa ndani ya muda mfupi, tena wakati ambao mara nyingi upepo umetulia na hewa ya baridi imeukandamiza chini. Abiria anakutana na basi moja moja. Mfanyakazi wa depo anakutana nayo yote kwa pamoja.

Sisi tunaopima hewa mahali pa kazi tunalijua vizuri jibu la wenyeji wa depo: "Sisi tumeshazoea." Ni kweli kwamba kuna kitu kimezoea, nacho ni pua. Ukikaa kwenye harufu ileile, baada ya muda mfupi neva za kunusa hupunguza taarifa zinazopeleka kwenye ubongo, na moshi unaonekana kama umeisha. Mapafu na mishipa ya damu havina mazoea ya namna hiyo. Mgeni anayeingia getini akafunika pua anapata taarifa sahihi kuliko fundi aliyekaa pale miaka kumi.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha mafuta kama ya petroli. Hubana hewa mpaka ipate joto la mamia ya nyuzi, kisha nozeli inapuliza mafuta, nayo yanashika moto yenyewe. Shida iko katikati ya mpulizo ule, mahali ambapo mafuta ni mengi na oksijeni haijafika. Mafuta hayo hayaungui yakaisha, bali hugeuka kaboni. Hayo ndiyo masizi. Chembe zake nyingi hazifiki hata mikrometa 0.1, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 70 hivi. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, ukalipenga au ukalitema. Chembe hizi hupita zikashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo oksijeni huingia katika damu. Wala haziendi mikono mitupu: juu yake zimegandwa na kemikali za mafuta yaliyoungua nusunusu, zikiwemo zile zinazojulikana kuharibu vinasaba vya seli. Pamoja nazo husafiri gesi kama nitrojeni dioksidi inayochoma njia za hewa, kaboni monoksidi, fomaldehaidi na akrolini. Hizi mbili za mwisho ni miongoni mwa zinazofanya macho yawashe na kutoa machozi.

Mafundi wanajua kusoma rangi ya moshi, na ujuzi huo una thamani ya kiafya pia. Moshi mweusi unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli imechoka, au pampu haijasetiwa vizuri. Wa bluu unasema oili inaungua. Mweupe wa asubuhi ni mafuta yaliyotoka bila kuungua kwa sababu injini bado ya baridi. Lakini msiliamini bomba lisilotoa moshi unaoonekana. Chembe ndogo kabisa hazionekani kwa macho, na injini inaweza kuzitoa kwa wingi huku hewa ikionekana safi. Kwa hiyo chukueni kitambaa cheupe, mpanguse ukuta wa ofisi, mabapa ya feni au juu ya kabati la vipuri. Mkikuta weusi wenye utelezi, jueni kwamba kilichotua hapo kimepita pia vifuani mwenu.

Madhara ya haraka hayahitaji mtaalamu kuyaeleza: macho kuwasha, koo kukereketa, kichwa kuuma, kifua kubana, kikohozi chenye makohozi. Mwenye pumu huumia mapema kuliko wenzake. Jambo ninalowaomba wafanyakazi walitazame ni mpangilio wa dalili hizo. Zikipungua siku mbili za mapumziko kisha zikarudi siku ya kwanza ya zamu, kazi yenyewe inajitaja. Daktari asiyeambiwa unafanya kazi wapi hawezi kuliona hilo. Atakutibu kikohozi, utarudi deponi, na kikohozi kitarudi.

Moyo nao unaguswa, na hili watu wengi hawalijui. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanaume 20 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao hali zao zilikuwa zimetulia. Walivuta moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa kwa saa 1 huku wakifanya mazoezi kwa vipindi kwenye baiskeli ya mazoezi. Siku nyingine walifanya vivyo hivyo wakivuta hewa safi. Siku ya moshi, vipimo vya umeme wa moyo vilionyesha misuli ya moyo ikikosa damu ya kutosha zaidi kuliko siku ya hewa safi, na uwezo wa mwili wa kuyeyusha damu iliyoganda ulipungua. Ilikuwa saa moja tu. Mzee wa karakana mwenye presha anayebeba matairi asubuhi, katikati ya mabasi yaliyowashwa, yuko katika hali inayofanana sana na ile, ila yeye hana daktari pembeni.

Kuhusu saratani, msimamo wa sayansi umekomaa polepole. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Juni 2012 likauhamishia Kundi la 1, lenye vitu vilivyothibitishwa, pamoja na asbesto na moshi wa tumbaku. Kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi, halimaanishi kwamba vitu vyote vilivyomo vina nguvu sawa. Ushahidi mzito ulitoka kwa wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 nchini Marekani, ambako mitambo ya dizeli ilifanya kazi chini ya ardhi. Hata miongoni mwa wale ambao hawakuvuta sigara, waliopata moshi mwingi zaidi walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha mara 7 hivi ya waliopata kidogo. Wafanyakazi wa gereji za mabasi nao walichunguzwa. Utafiti wa Stockholm uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta hatari ya saratani ya mapafu ikipanda kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi.

Mwaka 2014 watafiti waliunganisha matokeo ya wachimbaji na ya wafanyakazi wa malori wakapiga hesabu. Chukua watu 10,000 wanaofanya kazi miaka 45 katika hewa yenye mikrogramu 1 ya kaboni ya masizi kwa kila mita ya ujazo. Makadirio yao ni vifo 17 vya ziada vya saratani ya mapafu kabla ya kufikia umri wa miaka 80. Kwa mikrogramu 10, vifo ni 200. Kwa mikrogramu 25, ni 689. Sasa linganisha na kikomo cha Umoja wa Ulaya kilichoanza kutumika Februari 2023, ambacho ni mikrogramu 50. Kwa hiyo meneja anaponiambia, "Tuko chini ya kiwango," namjibu kwamba amefanya vizuri kupima, na kwamba kazi ya kupunguza haijaisha.

Inapunguzwaje? Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi wa alfajiri haihitaji kuwepo.

Muulize dereva kwa nini basi linaunguruma nusu saa bila kwenda. Kwanza atakwambia anajaza upepo wa breki, yaani hewa iliyobanwa inayoziendesha, naye anasema kweli: basi lisilo na upepo wa kutosha haliruhusiwi kusogea. Lakini basi lililolala na upepo likaamka matangi ni matupu lina mahali linavuja. Kila paipu au vali inayovuja ni dakika za ziada za moshi kila asubuhi, siku zote za mwaka. Fundi akiiziba, ameponya breki na vifua kwa spana moja. Zipo depo zenye kompresa ya umeme na mipira inayofika mahali mabasi yanapolala, hivyo basi hujazwa upepo injini ikiwa imezimwa. Pili atakwambia anaogopa kuzima kwa sababu betri ni dhaifu na gari halitawaka tena. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na betri iliyopaswa kubadilishwa ina gharama ndogo kuliko mafuta inayoyachomesha. Tatu, amezibiwa njia: basi la kutoka saa 11:30 limepakiwa nyuma ya lile la saa 12:15, basi anawasha na kungoja. Mpangilio wa maegesho wa jana usiku ndio unaoamua nani atavuta moshi leo asubuhi. Tena yapangwe ili mabomba yaelekee uwazi, yasielekee ukuta wa kantini au dirisha la ofisi ya tiketi.

Hoja ya kuipasha injini moto imebaki kutoka enzi nyingine. Injini ya kisasa hupata joto haraka zaidi ikitembea taratibu kuliko ikiunguruma mahali pamoja, na kwa kawaida dakika chache zinatosha. Na wasafishaji wamalize kufagia kabla injini haijawashwa. Hili halihitaji bajeti, linahitaji ratiba tu, na linanisikitisha kila ninapolikuta halijafanywa.

Ndani ya karakana kanuni ni kuukamata moshi kwenye bomba kabla haujasambaa. Mpira wa kufyonza unaochomekwa kwenye ekzosi na kutoa moshi nje ya paa unafanya kazi ambayo feni kumi haziwezi. Feni ya kawaida inauhamisha tu kutoka kwa fundi huyu kwenda kwa yule. Kama mpira haupo, injini inayolazimika kuwashwa iwashwe nje, au milango ya pande mbili ifunguliwe ili hewa ipite, na asiwepo mtu ndani ya shimo. Moshi wa moto hupanda, kwa hiyo stoo na ofisi za juu zinapata sehemu yake hata kama waliomo hawagusi spana. Wala msitegemee king'ora cha kaboni monoksidi peke yake. Injini ya dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko ya petroli, hivyo kifaa kinaweza kunyamaza huku masizi na nitrojeni dioksidi vimejaa.

Mabasi yenye chujio la masizi kwenye ekzosi hunasa sehemu kubwa sana ya chembe, mradi mafuta yana salfa kidogo na chujio linatunzwa. Kuling'oa kwa sababu limeziba ni kuhamishia taka kwenye mapafu ya watu. Na anayelisafisha asilipulize kwa kompresa uwanjani, maana atakirudisha hewani kila kilichokuwa kimenaswa.

Barakoa naitaja mwisho kwa makusudi. Ya kitambaa au ya hospitali haizuii chembe hizi kwa maana yoyote, kwa kuwa hewa inapita pembeni. Zile za N95 au FFP2 zinazokaza usoni hunasa chembe, lakini hazizuii gesi, na juu ya ndevu hazikazi. Zifae kwa kazi fupi, kama kubadilisha chujio, zisigeuzwe jibu la depo nzima. Wala hakuna kinywaji kinachosafisha mapafu: kinachonywewa kinapita umioni kwenda tumboni, njia nyingine kabisa.

Kuhusu vipimo vya afya, kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya mapafu kina maana kikirudiwa kila mwaka na majibu yakalinganishwa na ya nyuma. Picha ya eksirei iliyotoka safi isimpe mtu ruhusa ya kuendelea kuvuta moshi, kwani saratani ya mapafu huweza kuchukua miaka 20 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta moshi hadi ionekane. Na anayevuta sigara anaongeza hatari juu ya hatari, kwa hiyo kumsaidia kuacha ni sehemu ya kazi hii pia.

Kama depo yenu haijawahi kupima chochote, anzeni na daftari na saa. Kwa wiki moja, kwa kila basi, mlinzi au msimamizi wa zamu aandike injini iliwashwa saa ngapi na basi lilipita getini saa ngapi. Jumlisheni dakika hizo, muandike na sababu ya kila basi lililozidi dakika tano: upepo, betri, njia kuzibwa, au dereva hajafika. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye kikao cha usalama kazini, na mkuu wa mafundi na mpanga ratiba wawe wamekaa meza moja.