Kibla: jinsi imani inavyozaa hesabu

Kibla ni upande anaouelekea Mwislamu anaposali, yaani upande iliko Kaaba, Makka. Kwa mtu wa Mombasa au Unguja jambo hili ni jepesi. Makka iko karibu kaskazini kabisa kwetu, na katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilitumika pia kwa maana ya kaskazini.

Sasa mhamishie mtu huyo Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Makka iko mbali, dunia ni tufe, na ramani bapa inapotosha. Itabidi ajue latitudo na longitudo za miji yote miwili, kisha apige hesabu za pembetatu zilizochorwa juu ya tufe. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, alifanya kazi hiyo hasa, na kitabu chake cha kupima mahali pa miji alikimaliza mwaka 1025.

Hapo ndipo msukumo wa imani unapoonekana. Imani haikumpa al-Biruni kanuni. Misingi yake mingi ilitoka kwa Wagiriki na Wahindi. Ilimpa swali ambalo watu walitaka jibu lake kila siku, mara tano. Naona hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolikadiria, kwa sababu elimu isiyo na mwenye kuihitaji hufa mapema.

Nyakati za sala nazo ni hivyo hivyo. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapozidi kile cha adhuhuri kwa kiasi cha urefu wa kitu chenyewe. Kanuni hiyo yataka mpimaji, basi misikiti mikubwa ya Misri na Sham ikaajiri muwaqqit, mtunza nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara wake. Mtu huyo huyo alibuni mfumo wa mwendo wa mwezi unaofanana kihesabu na ule wa Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyekuja zaidi ya karne moja baadaye. Mirathi pia ilidai hesabu: kitabu cha mwanahisabati al-Khwarizmi kilichoipa aljebra jina lake kina sehemu kubwa ya mafungu ya warithi na wasia.

Wala si Uislamu peke yake. Kitabu cha kale zaidi kilichochapwa chenye tarehe kamili ni Sutra ya Almasi, andiko la dini ya Kibudha, China, mwaka 868. Mwishoni kimeandikwa kwamba Wang Jie alikitoa kigawiwe bure kwa niaba ya wazazi wake wawili. Kwa Wabudha, kuyaeneza maandiko ni thawabu, na anayetafuta thawabu nyingi atapenda njia ya kunakili haraka.

Lakini msukumo huo huo waweza kuwa breki. Istanbul, ruhusa ya Waislamu kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu ilitoka mwaka 1727, karne mbili na zaidi baada ya Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji wa Ulaya, tena kwa vitabu visivyo vya dini tu. Wanahistoria wanabishana kuhusu sababu: heshima ya mwandiko wa mkono, riziki ya wanakili, au uchache wa wanunuzi. Mimi naona hazitengani, kwani desturi ikishakuwa riziki ya watu hupata watetezi wengi.

Swali la kibla halijaisha. Mwaka 2007 mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha anga, kinachoizunguka dunia kwa takriban dakika 90. Wanazuoni na wanasayansi wa nchi yake walikuwa wamekwisha kumwandalia mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, la sivyo aielekee dunia, la sivyo popote. Na nyakati za sala afuate za Baikonur, mahali alikorukia.