Kahawa ya Moshi Haioti Chalbi

Juzi saa mbili usiku alinipigia meneja wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) moja ya huku milimani. Mnunuzi wake wa Ulaya amemrudishia faili linaloonyesha mashamba ya kahawa yalipo. "Mwalimu, wanasema mashamba yetu yako Hispania." Nikamwuliza kama ndilo lile faili aliloniambia lingejazwa mzigo ukiwa tayari. Kimya. Huyo ni wa nne msimu huu, na kueleza jambo lilelile kwenye simu kumenichosha. Naandika ili wa tano nimtumie hii.

Mnaofanya kazi ya kahawa mnaijua EUDR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023: kahawa, kakao, mbao, mpira, soya, mawese na mazao ya ng'ombe visitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila mzigo ujulikane umetoka shamba gani. Sheria yenyewe sina haja ya kuirudia. Nina maneno na yale mnayoniambia kuihusu.

"Kodineti ni namba tu, tutazijaza mwishoni"

Hii ndiyo inayonipandisha presha, maana kodineti ndizo namba zinazosema shamba liko wapi duniani. Najua ilikotoka. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro ni wa zamani, KNCU, chama kikuu cha huku, ni ya mwaka 1933, na miaka yote hiyo kilichopimwa ni gunia: uzito, unyevu, daraja. Makaratasi yalifuata mzigo nyuma, na karani hodari aliyapatanisha usiku mmoja kabla ya mnada. Sasa mahali shamba lilipo ni sehemu ya bidhaa kama ilivyo unyevu. Unyevu huwezi kuubuni ofisini. Basi na shamba usilibuni ofisini.

Tuanze na Hispania. Shamba la Moshi, tuseme, liko latitudo -3.35 na longitudo 37.34. Simu nyingi hutaja latitudo kwanza. Faili la GeoJSON, ambalo ndilo mwagizaji analipakia kwenye mfumo wa Ulaya, linataka longitudo itangulie. Karani akinakili alivyoona kwenye simu, mfumo unasoma 37.34 kaskazini na 3.35 magharibi, yaani vilima vya Granada, kusini mwa Hispania. Huko kuna mizeituni. Akipanga vizuri lakini akasahau alama ya kutoa mbele ya 3.35, shamba linavuka ikweta na kutua jangwa la Chalbi, Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Huko kuna ngamia. Yote mawili nimeyaona, na la Chalbi nimeliona mara nyingi zaidi.

Makosa hayo yana nafuu kwa sababu yanapiga kelele. Yeyote akifungua ramani atayaona. Ninaloliogopa ni lile linalopita kimya. Sheria inataka tarakimu sita baada ya nukta. Mtu anaandika mbili, au Excel inamkatia, naye anaona -3.35 na -3.352417 ni ndugu. Tarakimu mbili zinaweza kulisogeza shamba zaidi ya nusu kilomita. Kule tambarare huenda likaangukia kwenye mahindi ya jirani na hakuna atakayeshtuka. Lakini vijiji vya juu, vinavyopakana na nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio ukingoni mwa hifadhi? Nusu kilomita kwenda juu uko ndani ya msitu wa hifadhi. Mkulima aliyerithi kihamba cha babu yake, shamba la ukoo la kahawa na migomba, anasomeka kama mtu aliyepanda kahawa hifadhini, kisa karani aliona uvivu kuandika tarakimu nne.

Basi nikaligeuza lile faili la yule meneja, longitudo mbele. Dakika tano, Hispania ikaisha. Nikafungua picha ya satelaiti nikiwa na furaha yangu. Safu nzima ya wakulima ilikuwa imelundikana sehemu moja, pointi juu ya pointi. Nikavuta picha karibu. Lilikuwa paa la bati jekundu. Ofisi ya chama. Karani alikaa kwenye benchi, wakulima wakaja na vitambulisho siku ya malipo, naye akawapimia "mashamba" yao palepale mlangoni.

Kazi inavyotakiwa ni hivi, na hapa mnanijua sibadiliki. Unakwenda shambani. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu vihamba vyote vya huku, linahitaji pointi moja. Likizidi hapo unazunguka mpaka wote. Simama katikati ya mibuni, tafuta upenyo wenye anga, kwa maana chini ya migomba simu inayumba. Usibonyeze haraka, ngoja namba ya usahihi kwenye simu ishuke chini ya mita tano. Weka programu isome digrii za desimali, achana na dakika na sekunde. Mwenye vihamba vitatu ana pointi tatu, hata kama kitabu chake cha chama ni kimoja. Kisha andika kwenye daftari kwa kalamu, mkulima akiwa amesimama hapo hapo. Vijana wanacheka daftari langu. Simu ikidumbukia mferejini hawacheki.

Kuna jambo jingine ambalo mkilipuuza sasa litawarudia. Ukikitazama kihamba kutoka juu huoni shamba. Unaona mringaringa, mgrevilea na migomba, na kahawa imejificha chini yake. Ramani za satelaiti huweza kukihesabu kuwa msitu. Sheria yenyewe haikihesabu hivyo: msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta, miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10, lakini ardhi ambayo kimsingi ni ya kilimo imetolewa, na kilimo mseto ni kilimo. Kwa hiyo kihamba ni halali. Tatizo linakuja mwenye kihamba anapokata miti mitatu mikubwa ili apande miche mipya. Kwenye picha hilo linaonekana kama ufyekaji wa mwaka huu, na mwagizaji aliye Hamburg hajui mringaringa ni nini. Ushauri wangu: kabla ya kukata, piga picha yenye tarehe ikionyesha mibuni chini ya ile miti. Baada ya kukata, piga nyingine. Hayo tu.

"Tuna cheti, tumemaliza"

Hamjamaliza. Cheti cha kilimo hai au cha biashara ya haki kinamsaidia mwagizaji kupima hatari, na vyama vyenye vyeti mara nyingi vina orodha nzuri za wakulima. Lakini hakichukui nafasi ya pointi ya shamba wala ya tamko ambalo mwagizaji lazima aliwasilishe. Anayewajibika kisheria ni yeye, na kiwango cha juu cha faini kwa kampuni hakiruhusiwi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Ulaya. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hakubishii. Anaacha tu kujibu barua pepe zako.

"Imeahirishwa, itakufa yenyewe"

Imeahirishwa mara mbili, kweli: kutoka Desemba 2024 hadi Desemba 2025, kisha hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa ndogo. Sasa hesabu kwa kalenda ya shamba. Kahawa inayochumwa huku kuanzia Julai 2026 itakuwa inashuka bandarini huko mwanzoni mwa 2027. Wanunuzi wanaoulizia faili leo wanajua kusoma kalenda. Wala msinitajie Kenya, kwamba wenzetu wamepewa daraja la hatari ndogo. Wamepewa. Sisi Tanzania tuko daraja la kawaida, maana yake wakaguzi wa Ulaya watalenga asilimia 3 ya waagizaji wanaochukua kwetu badala ya 1. Pointi za mashamba zinatakiwa kote kote.

"Tutauza Japani"

Uzeni, Wajapani ni wateja wetu wa siku nyingi na kahawa ya Kilimanjaro wanaipenda. Ila wakati wa kuchuma hujui kikapu kipi kitakwenda Osaka na kipi Antwerp. Kahawa isiyo na faili inafika mnadani na wanunuzi wachache, nanyi mnajua mnada wenye wanunuzi wachache unavyoishia. Halafu sheria hairuhusu kuchanganya. Gunia moja la butura, lililonunuliwa likiwa bado maua na halijulikani limetoka kwa nani, likiingia kwenye kontena, kontena zima halina kwao.

"Wanapima ili watunyang'anye"

Hapa nashusha sauti, kwa sababu hii si dhana ya kipumbavu. Mwezi uliopita mama mmoja alinikaribisha mbege, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kila aliyekuja hapa na kifaa, baada yake ilipita barabara." Sikumcheka. Nilimwambia ukweli ninaoujua: pointi iliyo katikati ya shamba haionyeshi hata mpaka, haihamishi umiliki, na haki yake ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kuuza kahawa hakuhitaji awe ameshakata hati, na sheria ya Ulaya haidai hati pale ambapo sheria ya nchi haiidai.

Nusu ya hofu yake lakini naiunga mkono. Kuna wafanyabiashara wanaopima mashamba ya wanachama kwa gharama zao, wanaondoka na faili, na msimu unaofuata chama kikitaka kuuza kwa mwingine kinaambiwa taarifa ni mali ya kampuni. Viongozi wa AMCOS mnasaini mikataba hiyo bila kusoma kifungu cha taarifa. Kisomeni. Nakala ya faili ibaki chamani, na kila mkulima apewe karatasi yenye ramani ya shamba lake. Yule mama nilimpelekea yake. Ameibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, na tayari ameniuliza kwa nini mti wa jirani unaonekana upande wake.

"Tukishaingia kwenye mfumo bei itapanda"

Hakuna kifungu kinachoahidi hivyo. Bei ya arabika inasoma soko la New York. Desemba 2024 ilivunja rekodi ya 1977, na Februari 2025 ikapita dola 4 kwa ratili, kwa sababu Brazili ilipigwa na ukame na ghala zilikuwa zimepungua. Ramani zetu hazikuhusika. Faili safi linakuweka mnadani na wanunuzi wote wakiwepo. Bei watasema wao.

Yule meneja tumekubaliana Jumatatu saa moja asubuhi, tunaanza kitongoji cha juu kabisa tukishuka. Karani naye anakuja, nimemwambia avae viatu vya matope.