Maktaba ya taifa ya tasnifu mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo kweli

Ukigusia tu wazo la kuweka tasnifu zote za masta na PhD za Tanzania mahali pamoja mtandaoni, wa kwanza atakwambia tutahitaji jengo na seva za mabilioni. Si kweli jamani. Maktaba ya hivi inaweza isihifadhi hata PDF moja, inavuna taarifa tu, yaani mwandishi, kichwa, mwaka na ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), halafu ukibonyeza inakupeleka kwenye hazina ya chuo chenyewe, yaani tovuti kinakohifadhi tasnifu zake. Na hazina hizo zipo tayari, UDSM wanayo, SUA wanayo, Mzumbe wanayo, na programu ya kuendeshea hazina kama DSpace, iliyotoka 2002 kwa MIT na HP, ni ya bure na inaelewa OAI-PMH, ule utaratibu wa mashine moja kuvuna taarifa kwa nyingine. Pesa inaenda kwa watu. Msimamizi mmoja kaandikwa jina kwa mitindo mitatu, mwaka umekosewa, ikisiri haipo, sasa hapo seva itakusaidia nini? Anatakiwa mkutubi akae asafishe, na hao ndo huwa hawapo kwenye bajeti.

Eti vyuo vitaleta vyenyewe. Thubutu! India wana Shodhganga, hazina yao ya taifa ya tasnifu, inaendeshwa na INFLIBNET, kituo cha mtandao wa maktaba za vyuo kule Gandhinagar, na wao wanahifadhi tasnifu nzima nzima, zimeshapita laki tano. Haikuja kwa hiari tu, mwaka 2009 tume yao ya vyuo vikuu, UGC, ilitoa kanuni kwamba tasnifu ya PhD iwasilishwe na kwa softi kopi.

Halafu kuna hofu ya wizi, "nikiweka wazi wataikopi". Mwizi anapenda zaidi ile iliyofungiwa kabatini, maana hakuna wa kulinganisha nayo, ikiwa mtandaoni hata programu za kukagua wizi wa maandishi zinaiona, na tarehe yako ipo pale. (Wanaopiga kelele sana hapa mi huwa najiuliza wanaficha nini, ila tuyaache.)

Na majarida je, yatakataa makala uliyoitoa kwenye tasnifu yako? Wachapishaji wengi, Elsevier mmojawapo, hawahesabu tasnifu kama chapisho la awali, ila soma masharti ya jarida lako kwanza, na kama una jambo la hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi), omba chuo kiizuie kwa muda.

La mwisho, kwamba ikishakuwa ya taifa iko salama. Waingereza walikuwa na EThOS, huduma yao ya taifa ya tasnifu mtandaoni, chini ya British Library, maktaba yao ya taifa, Oktoba 2023 maktaba ikashambuliwa na wadukuzi, EThOS ikazimika kwa muda mrefu. Waliopona ni wale ambao tasnifu zao zilikuwa pia kwenye hazina za vyuo vyao, kwa hiyo chuo kinachotaka kufuta ya kwake kwa sababu ya taifa inakuja, kikatazwe mapema.