Risasi nzito haivuti samaki mkubwa

Kando ya ziwa hapa Mwanza, kuanzia Luchelele hadi Kayenze, utasikia kwamba ukitaka samaki mkubwa sharti ufunge risasi nzito (kipande cha kuzamisha mshipi) na ndoana kubwa. Si kweli.

Risasi kazi yake ni mbili tu: kufikisha chambo na kukishikilia chini. Baharini, kule Tanga au Dar es Salaam, maji hupwa na kujaa, mkondo unavuta, hivyo uzito unahitajika. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Unapambana na upepo na mawimbi, basi. Uzito wa ziada unazama katikati ya miamba yetu na haurudi.

Ndoana nayo ifuate mdomo. Sato ana mdomo mdogo, tena hudonoa. Mpe namba 8 yenye mnyoo. Kumbuka kwa namba za kawaida kama hii, namba ikipanda ndoana inapungua, wengi hununua kinyume. Sangara humeza samaki mzima, kwake ndoana kubwa yenye furu, yule samaki mdogo wa ziwani, ni sahihi. Kamongo ana meno ya kukata mshipi, hivyo weka kipande kifupi cha waya.

Kwenye mawe, tafadhali, usifunge risasi kwenye mshipi mkuu. Ining'inize kwa uzi dhaifu zaidi. Ikinasa, uzi huo unakatika peke yake, nawe unabaki na ndoana, na samaki kama yupo. Mshipi uliokatikia majini ni hatari kwa ndege na kwa watoto wanaooga.