Kichomi kikigoma, usikimbilie dawa mpya

"Daktari, dawa zimegoma," mkewe aliniambia hata sijakaa. Mzee, mvuvi wa Sahare, alikuwa siku ya tano anachomwa seftriaksoni, antibiotiki ya kichomi (nimonia), na kila jioni homa inapanda vilevile. Watoto wameambiwa kuna sindano kali zaidi, wako tayari kuuza mashine ya boti.

Nikamwomba mzee ainame kidogo, nikamgonga mgongoni kwa kidole. Kushoto palilia kama debe tupu. Kulia, chini ya bega, pakawa bubu kama gogo. Tulipoingiza sindano kati ya mbavu, ukaja usaha mzito wa manjano, unanuka. Dawa haikuwa na kosa. Usaha ukishajikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, dawa inayopita kwenye damu haiufikii vya kutosha. Lazima uwekewe mpira utoke. Tulimwekea, na kesho yake akaomba uji.

Nimonia ya kawaida ikipata dawa sahihi huanza kulegea ndani ya saa 48 hadi 72. Sisemi kupona: kikohozi na uchovu hukaa wiki kadhaa, na eksirei yaweza kuchukua wiki 6 kusafika, kwa hiyo picha isikutishe. Mimi natazama homa, pumzi na hamu ya kula. Siku ya tatu ikipita bila badiliko, najiuliza kwanza kama ni nimonia kweli.

Hapa kwetu anayetudanganya zaidi ni kifua kikuu. Na hili linaniuma: levofloksasini, antibiotiki nyingine ya nimonia, humpa mwenye TB nafuu ya muda, kisha ugonjwa unarudi, naye keshapoteza wiki nzima na kuambukiza nyumba. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotambua vijidudu vya TB, kabla ya kumpa dawa hiyo. Pia napima VVU. Kinga ikishuka, huenda ni Pneumocystis, fangasi asiyejali seftriaksoni hata kidogo; yeye dawa yake ni Septrini kwa dozi kubwa. Kuna na Mycoplasma, bakteria asiye na ukuta wa seli, wakati amoksilini kazi yake ni kuharibu ukuta huohuo.

Usugu wa dawa upo, tena unakua, ila naufikia baada ya hayo. Ndiyo maana nawaomba mje na maboksi yote ya dawa mlizotumia, hata zile za duka la mtaani mlizomeza siku mbili mkaacha.