Vihisi vyote vinapoamka saa kamili

Mtandao wa kwanza wa vihisi vya LoRa (redio inayotuma jumbe fupi mbali kwa umeme kidogo) niliousimamia ulikuwa ukipoteza data kila ilipofika saa kamili, kisha unatulia. Nilibadilisha antena, nikaongeza nguvu ya mawimbi, wapi! Kosa lilikuwa kwenye programu niliyoiandika mwenyewe: vihisi vyote viliamka saa kamili na kutuma kwa mpigo mmoja.

Vifaa hivi havingoji zamu. Kihisi kikiwa na ujumbe kinatuma, kisha kinalala kutunza betri. Ni utaratibu wa ALOHA uliozaliwa Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hesabu yake ni kali: hata mambo yakienda vizuri, chaneli hufikisha salama takriban asilimia 18 tu ya uwezo wake.

Kinachoamua zaidi ni muda ambao ujumbe unakaa hewani. Muda huo hutegemea SF, namba ya mpangilio wa LoRa: ikiwa kubwa, ujumbe hufika mbali zaidi lakini hutumwa polepole. Baiti 23 kwa SF7, kwenye upana wa kilohezi 125, huchukua kama milisekunde 62. Baiti hizo hizo kwa SF12 huchukua karibu sekunde 1.5. Sasa weka vihisi 200 kwenye chaneli moja, kila kimoja kikituma mara moja katika dakika 10, bila kupangiana. Kwa SF7, jumbe 96 kati ya 100 hupita bila kugongana. Kwa SF12 hupita 37. Ndiyo maana naumia nikikuta mtu amefunga vihisi vyote kwenye SF12 eti vifike mbali. Kilicho karibu na kituo kinachopokea jumbe kipewe SF ndogo, na ADR, yaani mtandao kurekebisha kasi ya kila kihisi wenyewe, inaweza kukupangia hilo.

Mimi niliponea kwa kuchelewesha: kila kihisi kingoje muda wa nasibu kabla ya kutuma. Ila nasibu hiyo ianzie kwenye namba ya utambulisho ya kifaa, la sivyo vyote vitachagua muda ule ule.

Na tafadhali, usiombe uthibitisho wa kila ujumbe. Vituo vingi vinapotuma jibu havisikii kitu. Vihisi vilivyokosa jibu hurudia, na marudio hayo hugongana tena. Kipimo cha joto kikipotea, kingine kinakuja baada ya dakika 10. Uthibitisho nauachia tahadhari, kama bomba lililopasuka.

Kusikiliza hewa kwanza husaidia kiasi, lakini vihisi viwili vilivyotenganishwa na kilima havisikiani, wakati kituo kilichoko juu yake kinavisikia vyote viwili.